Mashine Aliyoiwasha Waziri

Hapo zamani za juzijuzi palikuwa na nchi. Ilikuwapo kweli na ipo mpaka leo, maana naishi humo na kodi nalipa humo. Jina lake sitalitaja, yenyewe inajijua. Mimi naitwa Siwema. Nauza uji wa ulezi mbele ya ofisi za Manispaa, na kwa vile wakubwa wetu hawaanzi kazi kabla ya kunywa uji, na wakishakunywa hawaanzi pia, hakuna jambo la nchi lisilopita mbele ya sufuria yangu. Nitakayoyasimulia nimeyaona kwa macho, na mengine nimeyanusa.

Nchi yetu ina mila moja nzuri sana. Wenzetu huko wana mila za ngoma na za mavazi. Sisi yetu ni hii, kwamba alichofungua mkubwa, mdogo hakifungi. Mkubwa akifungua daraja, hakuna wa kulifunga hata likikatika katikati; magari hufika pale penye pengo yakapunguza mwendo kwa adabu, kisha yakashuka kupita mtoni. Mkubwa akifungua kikao, hakifungwi mpaka arudi mwenyewe. Iko kamati ya bei ya sukari iliyofunguliwa na mkubwa fulani aliyepanda ndege mara tu baada ya hotuba. Wajumbe bado wamo ukumbini, wanapelekewa chakula na mashuka, na wawili kati yao wameoana humo humo na sasa wana mtoto.

Lipo bomba pale uwanjani. Lilifunguliwa na Mkuu wa Nchi wa wakati ule siku ya kuzindua mradi wa maji. Alizungusha koki kwa vidole viwili, akakinga maji kwa kiganja, akanywa, akasema, "Baridi!" Tukapiga vigelegele. Akaingia garini akaenda zake, na bomba halikufungwa tena. Yeye mwenyewe ametangulia mbele ya haki, na aliyemfuata haligusi, asije akaonekana anapinga kazi za mtangulizi wake. Mabomba ya majumbani mwetu hayatoi hata tone. Maji yote ya mji yanamwagika pale uwanjani usiku na mchana, yanafuata mtaro, yanaingia Shimoni.

Shimoni ndipo ilipokuwa ijengwe Hospitali ya Rufaa. Waziri wa Afya aliyepita alipiga jembe la kwanza mbele ya wapiga picha, katapila likamalizia, likawekwa jiwe la msingi lenye jina lake, na ujenzi ukaishia hapo. Kulifukia haiwezekani. Basi shimo likajaa maji ya bomba, na maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa iliyolala. Mle ndani mna nepi, mna kuku waliokufa kwa kideri, mna godoro la mtu aliyekuwa mgonjwa, mna mbwa aliyevimba mpaka watoto wakadhani ni kiboko. Juu yake pana utando wa kijani unaotikisika, na ukiinama kuutazama unaona hautikiswi na upepo. Ni viluwiluwi. Wamejaa kama mchele sufuriani, wanajikunja na kujikunjua. Mimi ambaye kazi yangu ni kukoroga kitu kizito, nikitoka kulitazama Shimo lile siwezi kuonja uji wangu mwenyewe.

Viluwiluwi wakawa mbu, na mbu wakaja majumbani. Watoto wakaungua homa, na ilifika mahali jeneza la watoto la msikitini kwetu halikupata muda wa kukauka baada ya kuoshwa. Tulipolalamika, Manispaa ilitoa tamko la kuwataka wananchi wajifunze kujikuna kistaarabu.

*

Mambo yangebaki hivyo, kama mbu mmoja asiyejua itifaki hangemwuma Waziri mpya wa Afya, Mheshimiwa Mwinyishangwe. Alikuwa jukwaani akitangaza kwamba mbu wamekwisha nchini, na huyo mmoja akatua juu ya mdomo wake wa juu, akashiba. Kesho yake gazeti likatoa picha ya mdomo umevimba, na hapo ndipo Serikali ilipogundua kwamba malaria ni hatari. Mashine ikaagizwa haraka.

Ilikuja ndani ya sanduku la mbao. Ni kitu kirefu cha bati chenye mkanda wa kuning'iniza begani. Nyuma kina tangi la petroli na tangi la dawa, mbele kina bomba refu linalopata moto mkali mpaka dawa inageuka moshi mweupe. Ikiwashwa hunguruma kama pikipiki iliyokatwa ekzosi. Kazi ya kuibeba akapewa mdogo wangu Zuberi.

Zuberi na mimi tumenyonya titi moja, mimi nikamtangulia. Alikuwa mwembamba, mpole, tena mwoga wa moto tangu alipomwagikiwa na chai utotoni. Hakuwa fundi wa chochote. Alipewa kazi kwa sababu wengine wote waliokwenda kuiomba walikuwa na wajomba Manispaa, na wajomba walipoiona ile mashine wakawarudisha wapwa zao nyumbani.

Ubavuni mwa mashine palikuwa na michoro. Mtu amevaa barakoa ya mpira, miwani, glavu na viziba masikio. Mkono unafunga koki ya dawa kwanza, kisha unazima injini. Mashine imewekwa chini nje ya nyumba, inapoa. Na mchoro wa mwisho ulikuwa wa mtu anayetia petroli kwenye mashine yenye moto, ndimi za moto zimemzunguka, na juu yake pamepigwa alama kubwa nyekundu ya hapana. Ilichorwa kwa ajili ya watu wasiojua kusoma. Nilielewa mimi, na hata mbuzi aliyepita pale akitafuna boksi angeelewa.

Kwa hiyo nilistaajabu kumwona Bwana Makuzi anakuja na gundi. Bwana Makuzi ndiye Afisa Itifaki, mtu ambaye Serikali inamlipa ahakikishe heshima ya wakubwa haidondoki chini. Alikuwa na picha ya Waziri, ile ya kutabasamu, na akaipaka gundi na kuibandika juu ya michoro yote, kutoka tangi mpaka bomba.

"Bwana Makuzi," Zuberi akamwambia, "hapo ndipo penye maelekezo."

"Maelekezo gani yanayozidi uso wa Mheshimiwa?"

"Ya namna ya kuizima."

"Tunakwenda kuzindua, wewe unaanza na kuzima. Una mkosi kijana wewe." Akailainisha picha kwa kiganja, polepole, kama anamfuta jasho Waziri mwenyewe.

*

Siku ya uzinduzi turubai lilifungwa pande zote, maana wakubwa hawapendi vumbi. Pilau ilikuwa tayari mezani, imefunikwa. Kutoka kwenye lile sanduku la mbao vikatolewa vifaa vya kujikinga, na kwa kuwa vilikuwa vipya vikagawiwa kwa cheo. Waziri akavaa barakoa akapigwa picha. Mkewe akavaa miwani. Mbunge akachukua ovaroli, ikamkaa vizuri akaondoka nayo. Mkurugenzi wa Manispaa akapata glavu, akazipenda sana, baadaye akala nazo pilau. Kuhusu viziba masikio, vilivaliwa na mgeni rasmi mwingine wakati wa hotuba ya Waziri, naye ndiye mtu pekee niliyemwonea wivu siku ile. Na kwa kuwa vitu vile vilikwisha kuvaliwa na wakubwa, isingewezekana tena mtu kama Zuberi kuvivaa. Nikavua kanga yangu ya mabegani nikamfunga puani.

"Ndugu wananchi, itifaki imezingatiwa," Waziri akaanza. "Leo tunatangaza vita. Mbu hana chama. Mbu hana dini. Mbu hana hata kitambulisho cha taifa! Anaishi nchini mwetu kinyume cha sheria, analala kwenye vyandarua vyetu, anakunywa damu ambayo hakuichangia. Nawaagiza mbu wote, popote walipo, wajisalimishe kwa watendaji wa mitaa kabla sijamaliza ziara hii. Atakayekaidi tusilaumiane!"

Makofi. Mkurugenzi alipiga makofi kwa glavu, yakasikika kama samaki anayepigwa kwenye meza ya mnadani.

Kisha Waziri akaiwasha mashine kwa mkono wake, akafungua koki ya dawa, na bomba likaelekezwa pale palipokuwa na watu, ili waone vizuri. Moshi ukajaa ndani ya turubai. Ukalala juu ya pilau, ukaingia kwenye majagi ya juisi, ukaingia kwenye nywele za wake za wakubwa. Watu wakakohoa na kutokwa machozi, na kila aliyetokwa machozi alipigwa picha kwamba ameguswa na hotuba. Mkurugenzi alitapika nyuma ya kiti, akajifuta mdomo kwa glavu, akarudi kula. Nilikuwa nimesimama mlangoni na sufuria yangu, nikatema mate chini, na sikujali nani ananiona.

Walipokwisha kula, Waziri akapunga mkono akaondoka na ving'ora vyake. Zuberi akanyoosha mkono kwenye koki. Bwana Makuzi akamdaka kifundo cha mkono.

"Unafanya nini?"

"Naizima, bosi. Imepata moto."

"Nani kaiwasha?"

"Waziri."

"Na wewe nani?"

Zuberi akafikiri. Katika nchi yetu hilo ni swali gumu. "Mimi Zuberi."

"Zuberi hazimi alichowasha Waziri. Zunguka nayo mitaani mpaka Mheshimiwa arudi."

"Anarudi lini?"

"Mheshimiwa haulizwi."

*

Basi ndugu yangu akazunguka. Alipita sokoni, moshi ukakaa juu ya mchicha na dagaa. Alipita shuleni, watoto wakaimbishwa wimbo wa kuushukuru moshi, wakaimba mstari mmoja wakaanza kuanguka. Alipita barazani kwa wazee, kwenye zahanati, kwenye duka la mikate. Bwana Makuzi alimfuata nyuma na gari, vioo vimefungwa, akihesabu nyumba zilizofikiwa na maendeleo. Mahali pamoja tu hapakupulizwa dawa, napo ni Shimoni. Zuberi alipoelekeza bomba kule akakemewa, kwa kuwa viluwiluwi wale walizaliwa chini ya jiwe la msingi la Waziri aliyepita, na kuwatia dawa kungekuwa ni kumkosoa.

Mchana jua likiwa kali akafika kwangu. Kanga yangu puani kwake ilikuwa imelowa mafuta ya dawa, rangi zimeyeyuka. Macho yalikuwa mekundu na mate yalikuwa yanamchuruzika bila mwenyewe kujua. Mashine ilikuwa bado inanguruma begani, ikabidi tupigiane kelele.

"Dada, kichwa kinanigonga! Mikono inatetemeka!"

"Izime!"

"Nikiizima kazi imekwenda! Wanasema watanishtaki kwa uhujumu!"

"Bora ukose kazi kuliko ukose mapafu! Kuna mwanamke na mtoto wanakungoja nyumbani!"

Akatikisa kichwa. Kisha akainama, akatazama tangi, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikaona meno yake. Akanisogelea sikioni.

"Dada, petroli iko chini kabisa. Ikiisha itajizima yenyewe. Sitakuwa nimeizima mimi."

"Na petroli hawawezi kuifunga jela!"

Tukacheka. Nakumbuka tulicheka kama enzi zile tulipokuwa tunaiba sukari ya mama. Akasimama kando ya benchi langu akingoja, nami nikamzuia mteja mmoja asikae pale, na mashine ikaanza kukohoa. Ilikohoa, ikanguruma, ikakohoa tena. Nilikuwa nimekwisha kumchotea kikombe cha uji.

Bwana Makuzi akashuka garini ameshika dumu na faneli.

"Jaza," akasema.

Zuberi akarudi nyuma. "Bosi, bomba limekuwa jekundu. Ngoja ipoe."

"Ikipoa imezimika."

"Petroli itashika moto."

"Mbona Waziri alipoiwasha haikushika?"

Nikashindwa kukaa kimya. "Bwana Makuzi, hata mimi mwuza uji siongezi mafuta ya taa kwenye jiko linalowaka."

"Mama, jiko lako limezinduliwa na nani?"

Kwa kweli jiko langu huwa naliwasha mwenyewe. Nikakosa la kujibu, na mpaka leo najichukia kwa kule kukosa.

Zuberi akamwomba ampigie Waziri simu, aombe ruhusa. Bwana Makuzi akapiga, maana na yeye ni binadamu kwa sehemu. Waziri alikuwa milimani, kwenye hoteli ya baridi, akifungua semina ya Matumizi Salama ya Mashine za Kufukizia Dawa. Simu iliwekwa spika, tukasikia makofi kwa nyuma.

"Mheshimiwa, mashine inakaribia kuzimika."

"Inatoa moshi?"

"Inatoa, Mheshimiwa."

"Sasa tatizo liko wapi?" Ikakatwa.

"Umesikia," akasema Bwana Makuzi.

Zuberi akagusa ukingo wa ile picha ubavuni kwa ukucha. "Bosi, michoro iko hapa chini. Tubandue kidogo tu utazame. Kipande cha shavu tu."

"Ubandue shavu la Mheshimiwa! Hadharani!" Bwana Makuzi akamtia dumu mkononi, akatembea mpaka nyuma ya gari lake, akainama pale, anaonekana kipara tu. "Jaza!" akapaza sauti kutoka huko.

Kwa hiyo alijua. Msiniambie hakujua. Mtu asiyejua haendi kujificha.

Zuberi akanitazama. Nilidhani atalitupa lile dumu. Lakini alikuwa mtu wa kutii, ndivyo tulivyomlea, na nchi nzima ilimlea hivyo.

*

Petroli ilishika kabla dumu halijainama vizuri. Sitaeleza sana. Mkanda wa begani ulikuwa wa nailoni, ukayeyuka ukamganda, mashine ikawaka naye akiwa ameivaa.

Zimamoto walifika upesi, maana kituo chao kiko ng'ambo ya barabara, na katika hilo nawapa haki yao. Wakakunjua mpira. Mkuu wao akasimama mbele akauliza:

"Moto huu kauwasha nani?"

"Mheshimiwa Waziri," akajibu Bwana Makuzi kutoka nyuma ya gari.

Wakaukunja mpira.

Nilikuwa na ndoo ya maji ya kuoshea vikombe. Nikammwagia yote, nikamfunika gunia la ulezi, nikaukata ule mkanda kwa kisu cha kumenyea tangawizi. Ngozi ilitoka pamoja nao. Wako waliokuja kunisaidia, na wako walionyanyua simu juu wakatafuta mahali pazuri pa kupigia picha. Mashine yenyewe waliiacha barabarani ikaungua mpaka jioni, askari wakiizunguka watu wasiisogelee, na redio ikatangaza kwa furaha kwamba juhudi za Mheshimiwa hazijazimika.

Zuberi tulimpeleka hospitali ya zamani, ile ambayo Hospitali ya Rufaa ilikuwa ije iipokee mzigo. Alilazwa sakafuni kwenye turubai. Alfajiri akafumbua jicho moja.

"Dada, imezimika?"

"Imezimika, mdogo wangu."

"Nani kaizima?"

"Imejizima yenyewe. Petroli iliisha, kama ulivyosema."

Akaridhika. Akafumba lile jicho, na hakulifumbua tena.

*

Uchunguzi ulifanywa kwa kina na ukamalizika kabla ya chai ya saa nne. Ulibaini kwamba chanzo cha ajali ni marehemu, ambaye alitia petroli kwenye mashine yenye moto ilhali maelekezo yanayokataza jambo hilo yamechorwa waziwazi ubavuni mwa mashine. Aliyesoma taarifa hiyo alikuwa Bwana Makuzi, tena alisoma vizuri, hakujikwaa hata kwenye neno moja.

Hata hivyo Serikali ina huruma. Iliamua Zuberi azikwe kwa heshima. Waziri akashuka kutoka milimani, akaja moja kwa moja msibani, akasimama mbele ya mjane mwenye mtoto mchanga mgongoni, akasema, "Huyu ni shujaa. Amekufa akitia petroli katika maendeleo ya nchi yake." Mjane wake hakuinua uso. Mtoto alikohoa. Nyumba nzima ilikuwa bado inanuka ile dawa.

Kwetu wanawake hawaendi makaburini. Wanaume hubeba jeneza, sisi tunabaki na kilio chetu mkekani. Kwa hiyo aliyofanyiwa ndugu yangu kule sikuyaona. Niliwaona tu wakirudi. Waliingia uani mmoja mmoja, wakakaa bila kuvua kofia, na hakuna aliyeomba maji ya kunywa. Nikawatazama mikono. Mtu anayetoka kuzika huwa na udongo kwenye kucha. Yao ilikuwa safi.

"Baba mdogo," nikamwambia Mzee Hatibu, mdogo wa marehemu baba, "mmemfukia?"

"Tumemlaza, mwanangu. Tumemwelekeza kibla. Mbao zimepangwa."

"Na udongo?"

Akachomoa ukingo wa mkeka kwa kidole, uzi mmoja, uzi wa pili. "Kaburi kalifungua Waziri. Alipiga jembe la kwanza, wakampiga picha. Sasa amekwenda kula. Bwana Makuzi kasema tungoje arudi afunge mwenyewe."

"Anarudi lini?"

Sote tulijua kwamba Mheshimiwa haulizwi.

Nimesema tangu mwanzo kwamba nina kinyaa na Shimo lile. Nilikuwa sijui kinyaa. Nilimtazama baba mdogo, nikawatazama waume za watu wale wote wenye ndevu, wametulia na kucha zao safi, na nikaona kijani cha utando ule kimefika mpaka uani kwetu. Nikainuka. Mjane wa Zuberi akampa mama yake mtoto, naye akainuka. Wakainuka wauza mchicha, wauza dagaa, mama wa wale watoto waliobebwa katika lile jeneza dogo. Mzee mmoja akasema, "Siwema, wanawake hawaendi huko." Nikamwambia, "Wanaume wamekwenda, nimeona walichofanya."

Kulikuwa kumenyesha manyunyu. Pale makaburini walikuwapo askari wawili chini ya mwavuli, Bwana Makuzi katikati yao. Kaburi lilikuwa wazi, limefungiwa utepe pande zote, udongo umerundikwa kando, na kwenye rundo limechomekwa lile jembe, mpini wake umezungushiwa kitambaa cha rangi za taifa. Maji ya mvua yalikuwa yameanza kutuama juu ya zile mbao. Nikainama. Juu ya maji palikuwa na mbu ametua, ametanua miguu yake kwa raha, anatafuta pa kutagia.

Nikakata utepe kwa meno.

"Mama!" akapiga kelele Bwana Makuzi. "Kaburi hilo limefunguliwa na Mheshimiwa!"

"Na aliyemo kazaliwa na mama yangu."

Nikachukua lile jembe, nikalivua kitambaa chake, nikaanza. Wenzangu hawakuwa na majembe, wakasukuma udongo kwa mikono, kwa magoti, kwa ndala. Askari mmoja alitufuata hatua chache, akatuangalia, kisha akageuka akasimama kutazama barabara kama amesikia gari. Baadaye kidogo nikaona mkono wa mwanaume kando yangu unasukuma udongo. Alikuwa baba mdogo, analia bila sauti. Nikamwachia nafasi. Tulimfukia mpaka kaburi likawa na tuta, tukalipigapiga kwa viganja, na yeye akasoma dua.

Tukiwa njiani kurudi tulipita uwanjani kunawa. Lile bomba lilikuwa linamwaga kama kawaida yake. Tukanawa mmoja mmoja, matope yakatoka. Wa mwisho nilikuwa mimi. Nilipomaliza nikafanya kile anachofanya mtu yeyote akimaliza kunawa. Koki ilikuwa na kutu, ikalia kidogo, ikazunguka.

Tukasimama pale. Sikuwa nimewahi kuusikia uwanja ule bila sauti ya maji. Kisha kutoka nyumba za jirani tukasikia mabomba ya watu yanakohoa, yanatema hewa na kutu, na mwanamke mmoja ndani anapiga kelele kwamba maji yametoka jikoni na yeye hana hata ndoo tupu.

Kesho yake wakanikamata. Nimeshtakiwa kwa kufunga vitu viwili vilivyofunguliwa na wakubwa, kimoja cha Mkuu wa Nchi marehemu. Jalada la kesi amelifungua Waziri kwa mkono wake, kwa hafla na juisi, kwa hiyo hakimu ameniambia kwa upole kwamba kesi hii haina mwisho, nitakuja mahakamani mpaka nife. Sawa. Nikitoka huko narudi kwenye sufuria yangu. Bwana Makuzi hupita pale akaniambia kwamba Mheshimiwa amesikitishwa sana, na huenda ikabidi kaburi lifunguliwe upya ili yeye apate kulifunga kwa itifaki.

Nimemwambia waje tu. Nimelifunga mwenyewe, na lile jembe ninalo nyumbani, silitoi. Wakitaka kulifungua waje na majembe yao, walichimbe mpaka chini, na pasiwe na mpiga picha.